Sarafu Kumi na Tisa

Mzee Evarist alikuwa fundi saa, na kwa kuwa siku hizi watu wengi wanaangalia saa kwenye simu, alikuwa na muda wa kutosha wa kuangalia sarafu. Kila aliyemlipa kwa sarafu pale kwenye meza yake, nje ya soko la Mpanda, alisubirishwa kidogo. Mzee alibana lenzi yake nyeusi kwenye jicho la kulia, akaigeuza sarafu taratibu upande huu na upande ule, ndipo akaitia mfukoni. Wateja walidhani anaogopa kupewa bandia. Wala. Alikuwa anatafuta zilizokosewa.

Sarafu iliyokosewa ni sarafu halali kabisa, dukani inanunua chumvi kama nyingine. Ila siku ilipogongwa kiwandani kitu kilikwenda kombo. Swala amepata mguu wa tano. Picha imesogea pembeni ikaacha ukingo mtupu kama mwezi mchanga. Ama ukiigeuza unakuta upande wa pili uko kichwa chini miguu juu. Zinapita mikono ya watu wengi na hakuna anayeziona.

"Mashine inagonga mamilioni, mwanangu," alikuwa akimwambia binti yake Theopista. "Siku moja inapiga chafya."

Basi nyumbani kwao Misunkumilo zikaitwa hivyo, chafya. Kila chafya ilibandikwa kwa gundi kwenye kipande cha kadibodi, na chini yake mzee aliandika tarehe na mahali ilipopatikana, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu anayeogopa kumaliza karatasi. Zote zilikaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Jamaa mmoja pale sokoni aliwahi kumwambia mtandaoni kuna watu wanazinunua. Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mtoto wake.

"Hizi zimekosewa na hakuna aliyejali," alisema. "Angalau mtu mmoja azione."

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Mama yake Theopista alifariki binti akiwa kidato cha tatu. Baadaye Theopista alikwenda chuo, akarudi na diploma, akapata kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na ofisi za serikali. Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Wateja walizoea kumwambia, "Dada, sema tena," naye alirudia kwa sauti ileile.

Kanisani kwao, kwenye kigango kisicho na padre wa kudumu, Mzee Evarist alikuwa mmoja wa watu watatu waliohesabu sadaka baada ya ibada. Wengine walikuwa mwenyekiti Richard na Martin. Kila Jumapili kabla ya kutoka nyumbani, mzee alitia mfukoni mwa shati sarafu chache nzima, za mia, za mia mbili, na moja ya mia tano. Akiona chafya kwenye lundo la sadaka, aliitoa, na papo hapo aliweka nzima ya thamani ileile. Vidole vya fundi saa ni vyepesi, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Wenzake hawakuona, naye hakuona la kuwaambia. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka.

Jumapili moja ya mwezi wa tano zilitokea mbili kwa pamoja, zote za mia tano, zote nyati amegongwa mara mbili hata anaonekana kama anatikisa kichwa. Mfukoni mzee alikuwa na mia tano moja tu. Aliibadilisha ya kwanza. Ya pili aliikunja kiganjani, akasita, halafu akaondoka nayo.

"Leo nimekopa kanisani," alimwambia Theopista njiani, anacheka peke yake. "Mia tano. Jumapili narudisha."

Jumamosi iliyofuata jumuiya, waumini wa mtaa wao, ilisali nyumbani kwa Mama Doto. Baada ya sala wanawake walibaki uani wanaosha vikombe na kutaniana kuhusu waume zao. Huyu mume wake anafuga njiwa mpaka wanamnyea kitandani. Yule wa kwake ana redio tano na hakuna hata moja inayosema.

"Na wewe Theo, huna hata mume wa kumsema," alisema Mama Doto, na wote wakacheka.

Mama Doto alikuwa Msukuma mnene, mama wa mapacha, mwenye kicheko cha kuambukiza. Theopista alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni miaka yote hiyo, anasikiliza. Siku ile, sijui ni jua zuri la asubuhi au ni nini, akafungua mdomo.

"Mimi ninaye baba," alisema. "Baba akiona sarafu mbovu, hata iwe kwenye kikapu cha sadaka, anaondoka nayo. Wiki iliyopita kaondoka na mia tano ya Mungu."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama Doto alishika mbavu. Mmoja alisema, "Kumbe huyu mtoto ana maneno!" na kumpiga kofi la begani. Theopista alijua kuna nusu ya pili ya habari ile, kwamba mzee huweka nyingine, kwamba hiyo moja angeirudisha kesho yake. Ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuwachekesha wanawake wale, na kicheko kile kilikuwa kitamu, na kama angeeleza kingekatika. Akainamia vikombe, anatabasamu.

Kabla ya jua kuzama maneno yalikuwa yamefika kwa mwenyekiti, bila jina la aliyeyasema.

Richard hakuwa mtu mbaya. Miaka michache nyuma mhazini mmoja aliondoka na fedha za mabati, na waumini walikaa msimu mzima wa mvua wakisali chini ya paa linalovuja. Tangu hapo Richard alikuwa akisikia neno sadaka na neno kuchukua katika sentensi moja, anasimama wima. Jumapili, walipobaki watatu kwenye chumba cha kuhesabia, alifunga mlango.

"Mzee, samahani. Kuna maneno kwamba unachukua sadaka."

Mzee Evarist alikuwa tayari ameshaingiza mkono mfukoni. Akatoa mia tano, akaiweka mezani.

"Nilichukua mia tano wiki jana. Hii hapa."

"Ee Yesu," alisema Martin.

"Ni mara ya kwanza?" Richard aliuliza.

"Kuchukua kabla ya kuweka, ni mara ya kwanza. Zile nyingine niliweka palepale."

"Zile nyingine zipi, mzee?"

"Kumi na nane."

Mtu asiyejua kudanganya anaweza kujimaliza kwa dakika mbili. Mzee alieleza habari za swala wa miguu mitano, habari za mashine. Lakini alieleza kama alivyozoea kueleza mambo, kwa kifupi na huku akiangalia vidole vyake, na mbele ya watu walioibiwa mabati ilisikika kama hadithi iliyotungwa njiani.

Hakutangazwa kanisani. Aliambiwa tu apumzike kuhesabu. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi pamoja na binti yake, na kikapu kikapita. Kwa watu wengine mtembeza kikapu alikiachia, kikatoka mkono hadi mkono mpaka mwisho wa benchi. Kilipofika kwa Mzee Evarist, mtembezaji alikishika mpini kwa mikono miwili, akasubiri mzee atie sadaka yake, akakivuta. Ni kitu kidogo. Pengine wa benchi la nyuma hawakuona. Theopista aliona shingo ya baba yake ikiingia ndani ya kola.

Hakwenda tena.

"Nani aliwaambia?" aliuliza mara moja tu, jioni hiyo, akivua viatu. "Maana niliyemwambia ni wewe peke yako. Basi Martin aliniona."

Theopista alikuwa anachochea mkaa. Alisema, "Labda, Baba." Akaendelea kuchochea mkaa ambao ulikuwa umeshakolea.

Mwaka ulipogeuka miguu ya mzee ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umetanuka, akampa vidonge vya kutoa maji mwilini, akamwita Theopista kando na kumwambia asimchoshe mzee kwa safari za hospitali kubwa. Meza ya sokoni ilifungwa. Mzee alilala kwenye chumba cha mbele, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inakataa.

Kwa watu wa kigango chao kuna utaratibu ambao kila mmoja anaujua. Ukikaa miezi sita bila kukanyaga jumuiya, jumuiya nayo haikanyagi kwako. Hakuna padre wa kukupaka mafuta ya wagonjwa, na ukifa hakuna kwaya wala msalaba wa kutangulia. Ndugu wanakubeba, wanakufukia, wanarudi. Theopista aliwahi kushuhudia maziko ya namna hiyo, na kilichomtia uchungu ni kwamba udongo ulisikika. Maziko ya kawaida nyimbo huufunika.

"Mtanizika tu nyie na majirani," mzee alisema. "Mimi sina neno."

Lakini kila Jumamosi asubuhi aliomba avalishwe shati safi. Jumuiya ikisali nyumba ya karibu, nyimbo zikafika dirishani, yeye alichezesha midomo. Theopista alimuona. Alikuwa na miezi saba bila kukanyaga jumuiya.

Jumamosi moja akachukua boksi la viatu bila kumwambia mzee, akaenda.

Walikuwa wamejaa kwa Mama Doto, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Sala ilipoisha alisimama.

"Baba hakuiba," alisema. "Alikuwa anabadilisha. Anatoa iliyokosewa, anaweka nzima. Ameandika kila moja."

Akafungua boksi. Kadibodi zikapita mikononi. Richard alivaa miwani, akasoma moja kwa sauti. "'Kigangoni, Jumapili ya Matawi. Nimeweka nzima.'" Akachukua nyingine. "'Kigangoni, Noeli. Nimeweka nzima.'" Akazitenga za kigangoni, akazipanga kwenye goti moja moja. Zilikuwa kumi na tisa. Kadiri alivyopanga, nyuso za watu zilibadilika, na Theopista akaelewa, akiwa amechelewa, kwamba alichokileta kuwa ushahidi wa kumtetea baba yake kilikuwa kinaonekana pale kama mali iliyokamatwa.

"Nani alimuona akiweka?" Richard aliuliza, kwa upole.

Martin alitikisa kichwa.

"Alikuwa ananiambia mimi," alisema Theopista. "Kila Jumapili."

"Wewe uliingia chumba cha kuhesabia?"

"Hapana."

Richard alivua miwani. Macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Mwanangu, hatukukaa hapa kubishana na mtoto aliyekuja kumwombea mzazi wake. Baba yako anaumwa. Na kuzileta hizi ni jambo kubwa. Zirudi zilikotoka, kwenye kikapu. Sisi tumemsamehe. Siyo jamani?"

"Tumemsamehe," walisema, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mama Doto alikuwa anaangalia mkeka.

Hana kosa la kusamehewa. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye meno ya Theopista. Na maneno mengine nyuma yake: ni mimi niliyeanza, hapahapa, kwenye ua huu. Lakini padre alikuwa anafika kigangoni Alhamisi, halafu si tena mpaka baada ya mwezi. Na miguu ya baba yake ilikuwa imejaa mpaka ukibonyeza kidole shimo linabaki.

"Asanteni," alisema.

Akazibandua kwa kucha, pale mbele yao. Gundi ya mzee ilikuwa ngumu. Nyingine zilitoka na ngozi ya kadibodi. Za mia nane, za mia mbili nane, za mia tano tatu. Martin alihesabu: elfu tatu na mia tisa. Akazitia kwenye mfuko wa sadaka pamoja na nyingine, na zilipogusana huwezi kusema ipi ni ipi.

Alipofika nyumbani alilipandisha boksi juu ya kabati kabla hajaingia chumba cha mbele.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa jumuiya, Baba."

Mzee alijivutia blanketi kifuani. Halafu, "Wanasemaje?"

Hakuwa amepanga. Ilimtoka tu, kwa sauti iliyotulia kuliko zote alizowahi kuwa nazo.

"Wanasema walikukosea. Wanataka kuja kukuomba radhi."

Mzee aligeuza uso ukutani. Mabega yalitikisika, Theopista akadhani ni kikohozi, akainuka kuleta maji. Haikuwa kikohozi.

"Richard naye?"

"Naye."

"Alisema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi nitafutie lile shati la bluu," mzee alisema. "Wasinikute hivi."

Alhamisi walikuja. Padre alimpaka mzee mafuta, akampa komunyo, akawahi kigango kingine kwa pikipiki. Jumuiya ikabaki, imejaa chumbani na kumwagikia barazani, na wakaimba. Mzee alikuwa ameketi kwenye mito yake na shati la bluu, ananyoosha mkono kwa kila mmoja. Walikuwa na nyuso laini za watu wanaosamehe. Yeye naye alikuwa na uso huohuo. Theopista alisimama mlangoni na sinia ya chai, na alipoziona nyuso hizo zinatazamana, akatamani chumba kiwe na mlango mwingine.

Richard alisafisha koo. "Mzee wetu, tumekuja kwa moyo mmoja kukwambia kwamba yaliyopita..."

"Mwenyekiti, usijisumbue," mzee alimkatiza, kwa furaha. "Mtoto ameshaniambia. Mimi nimeshawasamehe. Siku ileile aliponiambia, niliwasamehe wote."

Martin alimtazama Richard. Barazani mtu mmoja aliuliza, "Anamsamehe nani?" na mwenzake akamfinya.

"Theo," mzee aliendelea, "hebu mshushie mwenyekiti lile boksi. Zile za kanisani. Mtu akiona kwa macho yake, ndiyo anaelewa. Lenzi iko kwenye droo."

Theopista aliishikilia sinia ya chai kifuani. Hakusogea. Richard alimtazama yeye, akamtazama mzee aliyenyoosha shingo kuelekea kabati, na kitu fulani kilishuka usoni mwake.

"Siku nyingine, mzee," alisema polepole. "Leo nisingeona vizuri."

"Haya. Siku nyingine." Mzee alipumzika kidogo, pumzi zikampita kwa shida. "Kuna na huyo mwingine. Aliyepeleka maneno. Naye nimemsamehe. Ila msinitajie jina lake, wala asije kuniambia mwenyewe. Nimebakiza siku chache, sitaki kuzitumia kumwangalia mtu kwa jicho hilo."

Macho yake yalikuwa juu ya blanketi wakati akisema. Theopista aliyatafuta, akitaka yamtazame, akiogopa yakimtazama. Hayakuinuka. Mama Doto akaanzisha wimbo, wa juu kuliko ulivyotakiwa, na wote wakaufuata kwa haraka.

Nje, chini ya mkorosho, Richard alimngoja.

"Ulimwambia nini baba yako?"

"Kwamba mnakuja kumuomba radhi."

Alitegemea atakaripiwa. Richard aliangalia ufunguo wa pikipiki mkononi mwake.

"Alikuwa anaweka kweli?"

"Alikuwa anaweka."

"Zile hela zimeshakwenda benki, Jumatatu."

"Najua, mwenyekiti."

Richard alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, akaondoka.

Mzee Evarist alifariki Jumapili, saa nne asubuhi, wakati wa ibada. Alikuwa ameulizia boksi mara moja tena, na Theopista alisema, "Kesho, Baba," naye alisema kesho ni sawa.

Walikuja wote. Msalaba ulitangulia, kwaya ikafuata, na udongo haukusikika. Ilipofika zamu ya mwenyekiti kusema neno kaburini, alitoa karatasi, akaiangalia, akairudisha mfukoni.

"Mzee huyu alihesabu sadaka yetu miaka kumi na tano," alisema. "Hesabu yake ilikuwa sawa. Mimi ndiye sikujua kuhesabu."

Wengine walitazamana. Theopista alikuwa ameyangoja maneno hayo, au yanayofanana na hayo, tangu siku ya kikapu. Yalipofika aliyasikia kwa mbali, kama habari njema ya nyumba ya jirani. Yale aliyotakiwa kuyaungama yeye yalikuwa yamelala pale chini, yamefungwa kwa amri ya marehemu mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kuyapelekea.

Watu wakapanga mstari kumpa mkono. Pole, mwanangu. Pole, Theo, ulimtunza baba. Aliitikia wote. Mwishoni alikuja Mama Doto, kanga mbili kiunoni, macho yamevimba. Aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akamvuta karibu mpaka Theopista akasikia joto la shavu lake.

"Mimi sikukutaja," alimnong'oneza. "Waliniuliza sana nani kasema. Sikukutaja hata siku moja, mwanangu. Lala kwa amani."

Alikuwa anampa zawadi, na alikuwa ameitunza muda mrefu. Theopista alimkumbatia, akasema asante, na kwa moyo wake wote alitamani mama yule angelikuwa na mdomo mwepesi kama wa wenzake, amtaje mapema, mbele ya watu wote, wakati baba yake bado ana nguvu za kukasirika.